Dawa zinazokata "bomba" la saratani ya mapafu: Zinasaidia nini, na zinamfaa nani?

 

Nyumba yenye mgonjwa wa saratani ya mapafu haikosi habari za dawa. Ndugu aliyeko Muscat au London hupiga simu na kusema kwamba huko kuna dawa ya dripu inayozuia damu isifike kwenye uvimbe, na uvimbe ukikosa damu hufa. Hapo kikao cha familia huitishwa. Mmoja atasema kiuzwe kiwanja, mwingine atasema nyumba ya urithi iwekwe rehani, na mgonjwa mwenyewe amelala chumbani akisikiliza bila kuulizwa.

Kabla ya kikao kufika huko, ni vyema familia ielewe dawa hiyo ni kitu gani. Kwa ufupi ni kwamba dawa hizo zipo kweli na zimethibitika kufanya kazi, lakini kazi yake si ile inayosimuliwa kwenye simu. Mara nyingi humwongezea mgonjwa muda, haziondoi ugonjwa ulioenea. Tena zinawafaa baadhi ya wagonjwa tu. Wengine wakipewa, zinaweza kuwamaliza haraka kuliko saratani yenyewe. Tuyatazame hayo moja baada ya jingine.

Uvimbe nao unahitaji kula

Kila sehemu ya mwili inaishi kwa damu. Damu ndiyo inayoleta hewa na chakula na kuondoa taka. Uvimbe wa saratani nao hauna njia nyingine ya kuishi. Ukiwa mdogo sana, wa milimita moja au mbili, unaweza kujipatia riziki kutoka kwenye tishu zinazouzunguka. Ukitaka kukua zaidi ya hapo ni lazima upate mishipa yake wenyewe ya damu.

Mfano wake ni mtu anayejenga kibanda uchochoroni, kisha usiku akachimba na kujiunganishia maji kinyemela kutoka bomba kuu la mtaa. Mwanzoni hakuna anayegundua. Akishapata maji anaongeza chumba cha pili, cha tatu, na mwisho majirani ndio wanaokosa maji.

Uvimbe hufanya hivyo kwa kutoa ishara za kemikali. Ishara kubwa kuliko zote ni protini ambayo wataalamu huiita kwa herufi VEGF. Protini hiyo ina kazi yake ya halali mwilini, kwa mfano katika kuponya kidonda au katika kumlea mtoto tumboni. Saratani inaitoa kwa wingi, na mishipa ya jirani ikiipokea huanza kuchipua matawi kuelekea kwenye uvimbe. Kupitia mishipa hiyo mipya, seli za saratani hupata pia njia ya kusafiri hadi kwenye ini, mifupa na ubongo.

Wazo la Dk. Folkman

Aliyelijenga wazo hili ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya watoto mjini Boston. Mwaka 1971 aliandika katika jarida la tiba la New England kwamba uvimbe hauwezi kukua bila kuota mishipa mipya ya damu, na kwamba kuizuia mishipa hiyo kungekuwa njia ya kutibu saratani. Kwa miaka mingi wenzake wengi hawakumkubalia.

Mwaka 1989 mtafiti Napoleone Ferrara na wenzake katika kampuni ya Genentech ya California walifanikiwa kuitenga protini ya VEGF. Hapo palipatikana kitu cha kulenga.

Magazeti ya Marekani yalipoandika mwaka 1998 juu ya panya waliopona uvimbe kwa dawa za namna hii, watu walidhani saratani imepata tiba. Folkman mwenyewe aliwatuliza watu kwa kueleza kwamba waliotibiwa ni panya, na binadamu ni jambo jingine. Alifariki Januari 2008, akiwa ameishi kuona wazo lake limekuwa dawa. Tahadhari yake ya mwaka 1998 bado inatufaa leo.

Dawa ya kwanza

Dawa ya kwanza ya aina hii ni bevasizumabu, ambayo kampuni iliyoigundua inaiuza kwa jina la Avastin. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Ikiingia kwenye damu huikamata protini ya VEGF kabla haijafika kwenye mishipa, ni kama kumkamata tarishi njiani na barua yake. Hutolewa kwa dripu, na katika saratani ya mapafu kwa kawaida ni kila baada ya wiki tatu.

Marekani iliiruhusu mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, na Oktoba 2006 kwa saratani ya mapafu. Ruhusa ya mapafu ilitokana na utafiti uliohusisha wagonjwa 878 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeshaenea au umerudi. Nusu yao walipewa dawa mbili za kemikali, yaani kemotherapi, na nusu ya pili walipewa dawa hizo hizo pamoja na bevasizumabu.

Kwa kundi la kemotherapi peke yake, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 15 katika kila 100. Kwa kundi lililoongezewa bevasizumabu ulipungua kwa 35 katika kila 100. Hiyo ni tofauti kubwa. Katika maisha, muda wa wastani wa kati ulipanda kutoka miezi 10.3 hadi miezi 12.3.

Msomaji aone pia kwamba dawa hii ilitolewa pamoja na kemotherapi, si badala yake. Mishipa inayoota kwenye uvimbe si mishipa mizuri. Imepindapinda na inavuja, kwa hiyo hata dawa ya kemotherapi haifiki vizuri ndani. Mtafiti Rakesh Jain wa Boston alieleza mwaka 2001 kwamba dawa za kuzuia VEGF huinyoosha mishipa hiyo kwa muda, na katika muda huo kemotherapi hupata njia ya kuingia. Basi anayeambiwa kwamba dawa hii itamwepusha na kemotherapi hajaambiwa sawasawa.

Miezi miwili maana yake nini?

Wengine wakisikia miezi miwili husema, "Ni hiyo tu?" Wengine husema hata siku moja ya uhai ni neema. Wote wawili wana haki ya kusema hivyo, lakini kwanza waielewe hesabu.

Miezi 12.3 haina maana kwamba kila mgonjwa aliishi miezi 12.3. Maana yake ni kwamba nusu waliishi chini ya hapo na nusu waliishi zaidi. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai katika kundi la bevasizumabu ni 51 kwa kila 100, na katika kundi la kemotherapi peke yake ni 44. Baada ya miaka miwili walikuwa 23 na 15. Kwa hiyo wapo waliopata muda mrefu, na wapo ambao dawa haikuwaongezea kitu. Ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na daktari anachoweza kutoa ni makadirio.

Lipo na jambo la pili. Uvimbe kupungua kwenye picha si sawa na mtu kuishi muda mrefu zaidi. Avastin ilikuwa imeruhusiwa Marekani kwa saratani ya matiti, lakini Novemba 2011 ruhusa hiyo iliondolewa baada ya kuonekana kwamba haiongezi maisha ya wagonjwa hao na madhara yake ni makubwa. Vilevile, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusu watu 1,501 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa kuondoa saratani ya mapafu. Kuwaongezea bevasizumabu baada ya upasuaji hakukuwasaidia kuishi zaidi. Dawa nzuri ikipelekwa mahali pasipo pake inakuwa hasara tupu.

Wasiopaswa kupewa

Hapa ndipo penye hatari kubwa, nasi tunawaomba wasomaji wapasome kwa makini.

Saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja. Wataalamu huigawa kwanza katika aina ya seli ndogo na aina isiyo ya seli ndogo. Aina hii ya pili, ambayo ndiyo yenye wagonjwa wengi, nayo ina matawi. Tawi moja ni adenokasinoma, linaloanza kwenye seli zinazotoa ute, mara nyingi pembezoni mwa pafu. Jingine ni skwamasi, linaloanza kwenye seli bapa zinazotandika njia za hewa, na mara nyingi hukaa katikati ya kifua karibu na mishipa mikubwa.

Katika utafiti wa awali wa bevasizumabu, uliotolewa mwaka 2004, wagonjwa sita walipata ghafla kutokwa damu nyingi mapafuni, na wanne kati yao walifariki. Wengi wa waliopatwa walikuwa na aina ya skwamasi. Uvimbe uliokaa juu ya mshipa mkubwa, ukilika ndani kwa sababu ya dawa, huacha tundu, na damu hufurika.

Ndiyo maana utafiti mkubwa uliofuata haukuwachukua wenye skwamasi, wanaokohoa damu ya kutisha, waliokuwa na saratani iliyofika kwenye ubongo, wala waliodhoofika kiasi cha kushindwa kujihudumia. Hata baada ya kuwachuja hivyo, kutokwa damu kwa kiwango kikubwa kulitokea kwa wagonjwa 4.4 katika kila 100 waliopewa dawa, wakati kwa wasiopewa ilikuwa 0.7. Wagonjwa 15 wa kundi la bevasizumabu walifariki kutokana na matibabu, watano kati yao kwa kutokwa damu mapafuni.

Kwa hiyo hakuna njia ya kuijua dawa hii kama inakufaa bila kukatwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe na kupimwa maabara. Picha ya eksirei haitoshi, na CT Scan peke yake haitoshi. Anayetaka kuuza dawa hii bila kuuliza majibu ya kipimo cha nyama, huyo anafanya biashara.

Dawa zilizofuata

Baada ya bevasizumabu zimekuja nyingine. Ramusirumabu huziba mlango wenyewe ambao VEGF huingilia kwenye mshipa. Katika utafiti wa wagonjwa 1,253 ambao tiba ya kwanza ilikuwa imeshindwa, muda wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 9.1 hadi 10.5 ilipoongezwa kwenye kemotherapi, na Marekani iliiruhusu Desemba 2014. Nintedanibu ni ya kumeza, na Ulaya iliiruhusu mwaka huo huo kwa wagonjwa wa adenokasinoma pamoja na kemotherapi.

Hatua iliyofuata ni kuziunganisha na dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliopewa bevasizumabu na kemotherapi waliishi kwa muda wa kati wa miezi 14.7, na walioongezewa dawa ya kinga iitwayo atezolizumabu waliishi miezi 19.2. Mwaka 2024 China iliruhusu ivonesimabu, dawa moja yenye mikono miwili: mmoja unakamata VEGF na mwingine unaamsha kinga. Mwaka huo huo utafiti wa wagonjwa 398 nchini humo ulionyesha kwamba inauzuia ugonjwa usisonge mbele kwa miezi 11.1, ukilinganisha na miezi 5.8 kwa dawa ya kinga peke yake.

Ukiziangalia hesabu zote hizi utaona njia ni moja. Hatua zinapigwa kwa miezi, na hatua zikiunganishwa miezi inaongezeka. Maana yake ni kwamba matumaini yapo, lakini anayeahidi muujiza anadanganya.

Mgonjwa akianza dawa, nyumba izingatie nini?

Dawa inayozuia mishipa kuota haichagui mishipa ya saratani peke yake. Ndiyo maana madhara yake yanagusa damu, shinikizo la damu, figo na vidonda. Wanaomuuguza mgonjwa wayajue haya:

Shinikizo la damu hupanda kwa wagonjwa wengi. Lipimwe mara kwa mara, na dawa za presha zisikatwe kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri. Mkojo nao hupimwa kuangalia kama protini inapotea kupitia figo.

Kutokwa damu puani kidogo ni jambo la kawaida. Lakini kukohoa damu, maumivu makali ya ghafla ya tumbo, mguu mmoja kuvimba, maumivu ya kifua, kuumwa kichwa kusiko kwa kawaida au ulimi kuwa mzito, hayo si ya kusubiri asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Vidonda hupona kwa taabu. Dawa hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo inatakiwa isimamishwe angalau siku 28 kabla ya upasuaji wa kupangwa, na isirudishwe mpaka kidonda kifunge. Hata kung'oa jino daktari aambiwe kwanza.

Hapa inaingia hijama, ambayo wengi wetu tunaithamini. Kuumika kwa kuchanja ni kutoa damu na kuacha majeraha, na mgonjwa huyu ana mambo mawili ambayo hijama haiyavumilii: anatokwa damu kwa urahisi na majeraha yake hayafungi upesi. Asiumikwe bila ya daktari wake wa saratani kujua na kukubali. Vivyo hivyo aspirini, na dawa za mitishamba zilizokolezwa. Mambo haya yasifichwe daktari kwa kuogopa kugombezwa.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa wa namna hii ana ruhusa inayojulikana katika dini. Daktari atamweleza hali ya figo, presha na maji mwilini, na sheikh atamweleza hukumu. Wawili hao waulizwe mapema kabla ya mwezi kuandama, isiwe mgonjwa anafunga kwa kuona haya mbele ya wajukuu.

Kwa kina mama wenye umri wa kuzaa, dawa hii ni hatari kwa mimba. Kinga itumike wakati wa tiba na kwa miezi sita baada ya dozi ya mwisho.

Kabla ya kuuza kiwanja

Familia ikikaa, imwulize daktari maswali haya na kuyaandika majibu. Kipimo cha nyama kimesema ni aina gani? Je, uvimbe umepimwa kama una mabadiliko ya vinasaba yanayotibiwa kwa vidonge maalumu? Ugonjwa umefika wapi, na ubongo umepigwa picha? Dawa hii itatolewa pamoja na nini, kwa mizunguko mingapi? Ikiwa fedha zitakwisha katikati, nini kitatokea? Inatarajiwa kumwongezea mgonjwa nini, na kumpunguzia nini?

Waulize pia kuhusu dawa zinazofanana na ile ya asili. Ya kwanza kuifuata bevasizumabu iliruhusiwa Marekani mwaka 2017, na kuwepo kwa dawa za namna hiyo kunatoa nafasi ya bei nafuu.

Na juu ya kuagiza dawa kwa wasafiri, tahadhari. Dawa hii inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, isigande na isitikiswe. Mfuko wa mkononi uliopita viwanja vya ndege viwili si mahali pake. Aidha, Februari 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba chupa za Avastin bandia zimeingia nchini humo, na zilipopimwa hazikuwa na dawa yenyewe ndani. Kama hilo liliwezekana kule, nani atasema haliwezekani kwetu? Dawa ipitie duka la hospitali inayotoa tiba ya saratani, kama Ocean Road mjini Dar es Salaam kwa walioko Tanzania, au mahali ambapo hospitali hiyo itaelekeza.

Mwisho kabisa, mgonjwa naye aulizwe. Mwingine atataka kupigana kwa kila dripu. Mwingine atataka maumivu yatulizwe, akae na watoto wake, na kiwanja kibaki kwa mayatima. Chaguo lolote kati ya hayo si kukata tamaa, maadamu limefanywa kwa kujua.

Na sisi ambao bado tuna afya tukumbuke kwamba dawa zote tulizozitaja zinapigania miezi, kwa sababu wagonjwa wengi hugundulika ugonjwa umeshaenea. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe. Akionekana hana kifua kikuu, au ametumia dawa za kifua kikuu bila nafuu, asiendelee kubadilishiwa dawa za kikohozi, bali aulizie vipimo vya saratani. Sigara ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote, na shisha si mbadala salama. Anayeacha leo anapunguza hatari yake hata kama amevuta miaka ishirini, na anawapunguzia hatari walio naye ndani ya nyumba.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Wabillahi Tawfiq.